Fort Ternan, Kituo cha Mtelemkoni

Mazungumzo ya juma hili

Wasikilizaji wa nchi ya chai, wale wa Kericho na wale wa Bomet, wamezoea kuitazama nchi yao kwa upande mmoja, yaani upande wa juu. Waujua ukungu wa asubuhi, wayajua majani mabichi yasiyo na mwisho, waijua mvua ambayo alasiri nyingi haikosi kufika. Lakini kila nchi ya juu ina mahali inapoishia, na mazungumzo haya yahusu mahali hapo.

Mtu akisimama juu ya mashamba ya Kericho, uso wake ukielekea kaskazini, ataona mbele yake nchi ikishuka, na ng'ambo ya bonde ataona mlima mpana uliolala kama ng'ombe aliyepumzika. Huo ni Tinderet. Miguuni pa mlima huo, upande wa kusini, ndipo ulipo mji mdogo wa Fort Ternan, ambao wenyeji wengi huuandika Fort Tenan kwa kufuata ulimi wao. Kwa mruko wa ndege ni kilomita kama 20 tu kutoka Kericho. Kwa njia ya nchi kavu ni zaidi, kwa kuwa njia za huko hazijui kunyooka. Barabara kuu iendayo Kisumu hupita Kericho na kuuacha mji huo mbali upande wa kuume, na kwa sababu hiyo wako watu wazima waliozaliwa Kericho ambao hawajapata kufika Fort Ternan hata siku moja. Hata hivyo jina la mahali hapo pasipojulikana na majirani limeandikwa katika vitabu vya wataalamu wa Uingereza, Marekani, Ujerumani na Japani. Jambo hilo lina sababu yake, na sababu yenyewe imo katika umbo la nchi.

Basi kwanza umbo la nchi. Fort Ternan iko kusini ya mstari wa Ikweta kwa kilomita ishirini na kitu. Imo katika wadi ya Chilchila, upande wa Kipkelion Magharibi, katika Kaunti ya Kericho; lakini ni pembe ya kaunti, maana ukivuka kidogo kuelekea kaskazini waingia Nandi, na ukishuka kidogo kuelekea magharibi waingia Koru na Muhoroni, ambako ni Kaunti ya Kisumu. Maji ya Ziwa Victoria yako mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha njia ya reli huko Mau Summit kimepita mita 2,500. Fort Ternan imekaa katikati ya hayo mawili, kati ya mita 1,500 na 1,700, kwa hiyo haimo juu wala haimo chini. Ni mahali pa mtelemko, na mtu asiyelishika neno hilo hataelewa lolote kuhusu mji huo, wala maji yake, wala mazao yake, wala watu wake, wala mifupa yake.

Chai ndiyo inayoonyesha mtelemko huo waziwazi. Mmea huo hupenda baridi kidogo, mvua isiyokatika miezi mingi, na udongo mchachu. Huko juu Kericho vyote vitatu vyapatikana: pepo za ziwani hupanda mchana, hukutana na hewa ya milimani, na hapo mawingu hufungamana. Mkutano huo ndio uletao mvua, na ndio uletao pia mvua ya mawe, ambayo katika nchi ya Kericho na Nandi Hills hunyesha siku nyingi za mwaka kuliko karibu mahali popote duniani. Mkulima wa chai huipokea neema hiyo pamoja na adhabu yake. Lakini kadiri mtu anavyoshuka, ndivyo joto linavyozidi na miezi ya kiangazi inavyozidi kuwa mikavu, hata chai inakata tamaa. Badala yake huonekana mahindi, kisha kahawa, ambayo katika Kipkelion yastawi vizuri, na mtu akishuka zaidi hadi Muhoroni huona miwa imejaa bonde hata machoni. Kiwanda cha sukari cha Muhoroni kilianza kusaga miwa mwaka 1966, na kile cha Miwani, kilicho chini zaidi, ni cha zamani kuliko hicho. Hivi, katika mwendo ambao gari humaliza kwa muda mfupi, msafiri hupita kutoka kikombe cha chai mpaka sukari ya kuitia. Fort Ternan iko baina ya hayo mawili.

Sasa jina. Mgeni aendaye Fort Ternan kwa ajili ya jina lake hutafuta ngome, lakini kinachompokea ni stesheni. Jina lenyewe latokana na Trevor Ternan, ofisa wa jeshi la Waingereza aliyekaimu ukamishna wa Uganda katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Msikilizaji asistaajabu kusikia Uganda ikitajwa hapa, kwa maana siku hizo mpaka ulikuwa mwingine. Nchi yote hii, tangu kando ya Bonde la Ufa hadi ziwani, ilihesabiwa kuwa jimbo la mashariki la Uganda, mpaka tarehe 1 Aprili 1902 ilipohamishiwa katika utawala wa Afrika Mashariki, ambao ndio Kenya ya leo. Wenyeji walilala wakiwa watu wa Uganda, wakaamka wakiwa watu wa nchi nyingine, bila ya mtu kuhamisha hata jiwe moja la jikoni. Wala hawakuulizwa.

Reli ndiyo iliyoufanya mji. Kazi ya kuijenga ilianza Mombasa mwaka 1896, na vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kwa ajili yake. Watu wengi hudhani kwamba taabu kubwa ya wajenzi ilikuwa simba wa Tsavo, kwa sababu habari za simba hupendeza kusimuliwa. Wahandisi wenyewe walipata taabu nyingine isiyokuwa na meno, nayo ni kushuka. Baada ya kuupanda ukuta wa Mau, iliwapasa kuiteremsha reli zaidi ya mita 1,300 mpaka ziwani, na gari la moshi haliwezi kuteremka kama mbuzi. Lazima litafutiwe njia ya kuzunguka vilima, kuvuka mito, na kufuata kingo za mabonde kwa upole. Makorongo yalikuwa mengi mno, hata ikabidi kujengwa madaraja marefu ya chuma 27 katika sehemu hiyo ya njia. Madaraja hayo hayakutengenezwa Uingereza, bali yalitengenezwa Marekani na kampuni ya American Bridge, iliyoahidi kuyamaliza upesi. Jambo hilo liliwaudhi Waingereza wengi waliotaka chuma chao kipewe kazi. Chini ya Lumbwa ilibidi kutoboa mlima, na stesheni iliyo hapo yaitwa Tunnel hadi leo, maana yake handaki. Ukitoka hapo, stesheni ifuatayo ni Fort Ternan, kisha Koru, kisha Muhoroni, ndipo nchi inapolala tambarare. Mnamo Desemba 1901 reli ilifika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo sasa ni Kisumu.

Stesheni ya Lumbwa iliyotajwa hapo juu ndiyo Kipkelion. Lumbwa lilikuwa jina ambalo wageni waliwaita Wakipsigis, nao wenyewe hawakulipenda, kwa hiyo likaondolewa. Kericho yenyewe haikupata reli. Makampuni makubwa ya chai, Brooke Bond na James Finlay, yalipoanza kazi katikati ya miaka ya 1920, masanduku ya chai yalibidi kupelekwa kwanza kwenye reli huko Lumbwa, na njia hiyo siku za mvua ilikuwa matope matupu. Kwa hiyo chai ya Kericho, ambayo watu hudhani ilikuwa mali ya barabara tangu mwanzo, ilisafiri kwa msaada wa reli ileile ipitayo Fort Ternan, ijapokuwa ilipandia stesheni ya juu na kuelekea Mombasa, na haikupita katika mji huo mdogo.

Kwa miaka thelathini hivi Fort Ternan ilikuwa juu ya njia kuu. Kila aliyetoka Mombasa au Nairobi kwenda Uganda alipita hapo, akashuka Kisumu, akapanda meli. Kisha mambo yakageuka. Njia nyingine ilijengwa kutoka Nakuru kupitia Eldoret, nayo ikafika Kampala mwaka 1931. Tangu siku hiyo wasafiri wa Uganda hawakuhitaji tena kuvuka ziwa, na reli ya Kisumu, pamoja na madaraja yake yote 27, ikawa tawi. Hakuna nyumba iliyobomolewa Fort Ternan kwa ajili hiyo, wala hakuna mtu aliyefukuzwa. Kilichopungua ni idadi ya magari yanayosimama, na mji uliozaliwa na reli hauna kipimo kingine cha afya yake. Mama mwenye ndizi na mayai ya kuuza hahesabu magari yanayopita. Huhesabu yanayosimama, na dakika yanazosimama. Baadaye sana, katika miaka ya 2010, magari ya abiria ya Kisumu yalikoma kabisa kwa miaka kadhaa, nyasi zikaota katikati ya reli, na wenyeji wakaitumia njia ile kwa kutembea na kupitishia ng'ombe. Reli ilikarabatiwa, na mnamo Desemba 2021 magari ya abiria yakarudishwa kati ya Nairobi na Kisumu. Wazee waliosikia tena honi kutoka upande wa Tunnel hawakuhitaji kuelezwa maana yake.

Maji nayo yashuka. Mto wa Nyando hukusanya vijito vya Tinderet, vya Londiani na vya mitelemko ya Kericho, ukapita katika bonde hilo, ukaingia uwanda wa Kano, ukamwagika katika Ghuba ya Winam. Tabia ya mto huo ni tabia ya mtelemko. Mvua ikinyesha juu, maji hayakai. Na kama msitu umekatwa na shamba limelimwa kufuata mteremko badala ya kuukata, maji hayo huchukua udongo pamoja nayo. Uchunguzi uliofanywa miaka iliyopita ulionyesha kwamba Nyando ni mmoja wa mito inayopeleka udongo mwingi kabisa katika Ziwa Victoria upande wa Kenya. Mtu wa juu huona mto umegeuka mwekundu, akasema mvua ni nzuri mwaka huu. Mtu wa Ahero huona rangi ileile mlangoni pake. Mwaka 2020, mafuriko yalipoiingia Kano na ziwa likapanda kupita kiasi kilichojulikana, familia nyingi zilihama nyumba zao, na sehemu ya udongo uliotapakaa sakafuni mwao ilikuwa imetoka katika mashamba ya watu wasiowajua, kilomita nyingi huko juu. Mfereji wa kingamaji uliochimbwa na mkulima mmoja wa Chilchila humfaa mkulima huyo kwanza, maana humwachia udongo wake. Lakini humfaa pia mtu wa Kano ambaye hatakuja kumshukuru.

Watu wa mji huo wamechanganyika, kama ilivyo desturi ya vituo vya reli. Wakipsigis ndio wengi, Wanandi wako karibu juu ya Tinderet, Wajaluo wako chini yao Koru na Muhoroni, na wako Wakikuyu, Waluhya na Wakisii waliokuja kwa kazi za mashamba na za reli, au waliopata ardhi baada ya Uhuru wa 1963, mashamba ya walowezi yalipouzwa na kugawanywa. Siku ya soko mtu husikia lugha nne kabla ya kumaliza kununua kibaba cha maharage. Haingekuwa kweli kusema kwamba wameishi siku zote kwa amani. Tarehe 29 Oktoba 1991 mapigano yalizuka katika shamba la Meteitei, huko Tinderet, na katika miezi iliyofuata yakaenea mpakani na mbali zaidi, majirani wakachomeana nyumba. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi ya Kipkelion iliona moto tena. Katika ramani, mpaka wa kaunti ni mstari mwembamba tu. Katika mtelemko huo, mpaka ni shamba la mahindi la mtu mmoja na la miwa la mwingine, na kati yao njia ya ng'ombe, ambayo kwa miaka kumi hupitwa bila neno, kisha siku moja huwa neno lenyewe. Soko ndilo lililowahi kufunguliwa kwanza kila mara ghasia zilipotulia, kwa kuwa mwenye mahindi ya juu alihitaji sukari na samaki wa chini, naye mwenye samaki hakuweza kula samaki peke yake.

Yaliyosalia ni habari ya mifupa, ambayo ndiyo iliyoufanya ulimwengu wa wataalamu ulijue jina la Fort Ternan.

Tinderet si mlima wa kawaida. Ni mlima wa moto uliozimika, na katika nyakati za kale sana ulikuwa ukitapika mawe ya moto na majivu juu ya nchi iliyouzunguka. Majivu ya milima ya namna hiyo, iliyo na chokaa nyingi, yana tabia ya ajabu. Mnyama akifa na kufunikwa nayo, mifupa yake haiozi upesi, bali hugeuka mawe polepole, ikihifadhi umbo lake hata kwenye ncha ya jino. Wenyeji wa Koru waijua chokaa hiyo vizuri, maana yachimbwa huko na kuuzwa. Ni katika Koru hiyohiyo ambako mwaka 1926 mganga mmoja mlowezi, Daktari Gordon, aliona mifupa katika mawe akaipeleka London. Mwaka 1933 mtaalamu Hopwood aliipa jina la Proconsul. Na jina hilo halitoki kwa liwali wa Kirumi kama wengi wadhanivyo, bali kwa sokwe wa maonyesho aitwaye Consul, ambaye Waingereza walimpenda kwa michezo yake. Mtaalamu alitaka kusema kwamba mnyama wa Koru alimtangulia Consul. Naam, alimtangulia kwa miaka kama milioni 20.

Fort Ternan ilingoja zamu yake. Karibu na mji kulikuwa na shamba la Bwana Fred Wicker, mlowezi aliyepanda michungwa. Katika kilima kimoja cha shamba hilo aliona vipande vya mifupa vikitokeza ardhini, naye, badala ya kuvitupa kando ya jembe, akampelekea Daktari Louis Leakey wa makumbusho ya Nairobi. Mwaka 1961 uchimbaji ukaanza, na miongoni mwa waliofanya kazi hiyo alikuwamo Heslon Mukiri, Mkikuyu aliyekuwa amefuatana na Leakey tangu miaka ya 1920, na ambaye jicho lake la kutambua mfupa katika rundo la mawe lilisifiwa na wote waliomjua. Walikuta ghala kamili. Tabaka la mifupa lilikuwa limelala baina ya matabaka mawili ya mawe ya moto, moja chini kama sufuria, na moja juu kama mfuniko. Palikuwa na mifupa ya paa na swala wa kale, ya jamaa za twiga wenye shingo fupi, ya vifaru na ya wanyama wa jamii ya tembo. Vipande kwa maelfu. Na pamoja na hivyo vyote vikapatikana vipande vya taya la juu vyenye meno machache, ambavyo mtu angeweza kuvifumba katika kiganja kimoja.

Leakey aliyatazama meno hayo na moyo ukamwenda mbio. Chonge lilikuwa dogo, si kama la sokwe. Mwaka 1962 alimtangaza kiumbe huyo kwa jina la Kenyapithecus wickeri, yaani sokwe wa Kenya wa Wicker, akisema kwamba yuko katika njia iliyomleta binadamu. Wataalamu wa California walikwisha kupima mawe ya pale kwa kuhesabu gesi iliyozaliwa ndani yake tangu yalipopoa, nao wakapata miaka milioni 14. Kwa hiyo, ikiwa Leakey alisema kweli, mizizi ya ukoo wa wanadamu ilikuwa imeonekana miguuni pa Tinderet. Mwaka 1968 alikwenda mbali zaidi, akasema kwamba jiwe moja lililokutwa pale lilitumiwa na kiumbe huyo kuvunjia mifupa ili ale uboho. Wenzake wengi walisita, na walifanya vyema kusita.

Lililoiangusha hoja hiyo halikutoka ardhini. Lilitoka katika damu. Katika chuo kilekile cha California kilichopima mawe ya Fort Ternan, wataalamu wawili, Sarich na Wilson, walilinganisha damu ya binadamu na damu ya sokwe, na mwaka 1967 wakatangaza kwamba wawili hao waliachana karibu miaka milioni 5 tu iliyopita. Watu wa mifupa walikasirika. Mabishano yalichukua zaidi ya miaka kumi. Mwishowe, mifupa mingine ilipopatikana Pakistani na kwingineko, ilionekana kwamba watu wa damu walikuwa karibu na kweli, na kwamba yule wa Fort Ternan aliishi kabla njia ya binadamu haijatengana na ya sokwe. Jamaa yake mwingine amepatikana mbali sana, nchini Uturuki, akapewa jina mwaka 2008. Basi Kenyapithecus si babu wa wanadamu peke yao. Ni mmoja wa ukoo mkubwa ambao binadamu na sokwe wote walitoka upande wake.

Wako waliodhani kwamba baada ya hayo Fort Ternan haina maana tena. Walikosea, kwa kuwa walitazama taya wakasahau swala. Miongoni mwa wanyama wa pale wamo baadhi ya swala wa zamani wenye meno ya kuweza kula majani makavu, na katika mawe yale yamepatikana hata majani yenyewe ya nyasi yaliyogeuka mawe. Swali lililozaliwa ni kubwa: je, mbuga za Afrika, ambazo ng'ombe na wafugaji wote wa nchi hii wazitegemea, zilianza lini? Wengine wakaona pale dalili za mbuga ya wazi tayari katika miaka milioni 14 iliyopita. Wengine walipima kemikali ya udongo wa kale na ya meno, wakasema la, ilikuwa nchi ya miti na nyasi za kivulini, si mbuga kama ya Mara. Mabishano hayo yametoa maandishi mengi, na yote yametegemea kilima kimoja ambacho mchungaji hukizunguka kwa dakika chache.

Kilima hicho kimehifadhiwa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Apitaye hapo bila kuambiwa ataona shimo la zamani, nyasi, na mawe meusi yaliyopasuka, wala hatajua kwamba mfuniko wa chungu ni huo anaoukanyaga. Mvua ya masika hufanya pale kazi ileile inayofanya bonde zima: huosha, huchukua, huteremsha. Kipande cha mfupa kilichong'olewa na maji hakina njia nyingine isipokuwa mto.

Lile taya lenyewe halipo Fort Ternan. Liko Nairobi, limetunzwa ndani ya makumbusho. Mtoto wa Chilchila atakaye kulifuata sharti apande gari stesheni, aingie handaki la Tunnel, apite Kipkelion, apande Londiani mpaka Mau Summit penye baridi, ashuke Nakuru, avuke Bonde la Ufa, na siku ipite njiani. Huko atakuta kwamba kila mfupa una namba yake iliyoandikwa kwa herufi ndogo. Ya taya hilo ni FT 46. Herufi F na T, kama atakavyotambua mara moja, ni za nyumbani kwao.